Piero della Francesca: Mchoraji Aliyejichora Miongoni mwa Walinzi Waliolala

Askari yeyote aliyewahi kushika lindo la usiku kandokando ya mto Rusizi, pale ambapo maji ya ziwa Kivu huanza safari yake ya kuteremka kuelekea Tanganyika, anaijua saa ninayotaka kuizungumzia. Si saa sita ya usiku, kwa maana wakati huo mtu bado ana nguvu na mazungumzo ya wenzake hayajakauka. Ni ile saa kumi na moja ya alfajiri, ukungu unapopanda kutoka mtoni, taa za Bukavu ng'ambo ya pili zikawa kama zinaelea hewani, na kope za macho zikawa nzito kuliko bunduki begani. Hapo ndipo mlinzi hupimwa. Na saa hiyo hiyo ndiyo aliyoichagua mchoraji mmoja wa Italia, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, alipochora ukutani askari wanne walioshindwa na mtihani huo. Inasadikiwa kwamba mmoja wa wanne hao, yule ambaye kichwa chake kimeangukia nyuma na uso wake ukatuelekea sisi, ni mchoraji mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Piero della Francesca. Picha yenyewe huitwa Ufufuko, nayo imo hadi leo katika jumba la kale la halmashauri ya mji alikozaliwa, ambalo sasa ni makumbusho ya mji. Haizidi sana mita mbili kwenda juu na mbili kwenda upande. Wako wataalamu waliotamka bila kusita kwamba ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizopata kutoka mikononi mwa binadamu. Lakini kabla ya kuisimamia mbele na kuisoma, yafaa tumjue mtu aliyeichora, kwa sababu maisha yake yalipita karibu sana na majeshi kuliko wengi wanavyodhani.

Piero alizaliwa yapata mwaka 1415 katika mji mdogo wa Borgo San Sepolcro, ambao siku hizi huitwa Sansepolcro, katika bonde la juu la mto Tiber. Jina la mji maana yake ni Kaburi Takatifu. Hadithi ya wenyeji yasema kwamba zamani mahujaji wawili, Arcano na Egidio, walirudi kutoka Yerusalemu wakiwa na vipande vya masalio ya kaburi la Kristo, wakajenga kikanisa, na kuzunguka kikanisa hicho mji ukakua. Msomaji aliweke jambo hili akilini. Baba yake, Benedetto, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na viatu, na pia wa rangi ya buluu ya kutilia nguo. Mtoto wa mfanyabiashara alifundishwa hesabu za kupima mapipa, kubadilisha fedha na kugawana faida, na hesabu hizo hazikumtoka kichwani mpaka kufa kwake.

Nchi ya Italia wakati ule haikuwa dola moja. Ilikuwa miji na tawala zilizogombana kila mwaka, na vita vyake vilipiganwa hasa na majemadari wa kukodiwa, watu waliouza ustadi wao wa vita kwa mkataba wa maandishi kama fundi anavyouza kazi yake. Piero alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, tarehe 29 Juni 1440, majeshi ya Florence na Milan yalipambana katika uwanda wa Anghiari, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka nyumbani kwao, na Milan ikashindwa. Mwaka uliofuata Papa Eugenio IV, aliyekuwa na haki juu ya Sansepolcro, aliuuza mji mzima kwa Florence kwa florini 25,000 za dhahabu. Hivyo ndivyo mchoraji wetu alivyoamka siku moja akajikuta raia wa dola nyingine bila kuondoka kitandani.

Kazi yake ya uchoraji aliianza hapo hapo kwao, kisha mwaka 1439 tunamkuta Florence akimsaidia bwana Domenico Veneziano. Florence wakati huo ilikuwa ikichemka kwa elimu mpya ya kuonyesha umbali: namna ya kuchora nguzo, njia na nyumba juu ya bapa la ukuta hata jicho lidanganyike na kudhani linaingia ndani. Wenzake wengi waliichukua elimu hiyo kama mbinu. Piero, mwana wa hesabu, aliichukua kama sheria. Katika utu uzima wake aliandika vitabu vitatu: kimoja cha hesabu za biashara, cha pili cha namna ya kuchora kwa kufuata umbali, na cha tatu cha maumbo matano yenye pande sawa. Baada ya kufa kwake, mtu wa mji wake, mtawa Luca Pacioli, alichapisha sehemu kubwa ya maarifa hayo katika vitabu vyake bila kumtaja mwenyewe ipasavyo, na mwandishi Giorgio Vasari alimshutumu hadharani kwa wizi huo.

Hakuwa mtu wa haraka. Mwaka 1445 chama cha kidini cha mji wake kilimwagiza picha ya altare na kumwekea sharti la kuimaliza kwa miaka mitatu, tena kwa mkono wake mwenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano. Kila aliyewahi kungoja fundi amalize nyumba atawahurumia wazee wale wa chama. Lakini katika kuchelewa huko Piero alikuwa akiitwa huku na huku: Ferrara, Rimini, Arezzo, Roma, Urbino. Rimini mwaka 1451 alimchora Sigismondo Malatesta, jemadari hodari na mkorofi ambaye Papa Pio II alimlaani vikali mwaka 1462 hata kutangaza kwamba mahali pake ni motoni angali hai. Urbino alimchora Federico da Montefeltro, adui mkubwa wa huyo Malatesta, ambaye ndiye aliyemvunja nguvu vitani. Wote wawili walipiga magoti ndani ya picha zake, na Piero akawapa wote utulivu ule ule wa uso, pasipo kupendelea upande.

Picha ya Federico yastahili neno. Jemadari huyo alipoteza jicho lake la kulia katika mashindano ya kupigana kwa mikuki juu ya farasi, na mfupa wa pua yake ukabaki na pengo. Piero alimchora kwa ubavu, upande wa kushoto tu, ili jicho zima lionekane na lililokufa lifichike. Lakini pengo la pua aliliacha lilivyo, na chunusi na vidutu vya shavuni pia. Huo ndio uliokuwa mpaka wa adabu yake: alichagua mahali pa kusimama, lakini alichokiona kutoka hapo hakukibadilisha.

Sasa tufike Arezzo, kwa sababu pasipo Arezzo hatutaielewa sawasawa picha ya walinzi. Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa mji huo, kuanzia mwaka 1452 hivi hadi mwaka 1466 kabla haujaisha, Piero alichora juu ya kuta za nyuma ya altare hadithi yote ya mti wa msalaba. Kazi hiyo ni fresko, yaani rangi ya maji hupakwa juu ya plasta ya chokaa ingali mbichi, na chokaa ikikauka hushika rangi ikawa sehemu ya ukuta wenyewe. Fundi hupaka plasta ya kumtosha siku moja tu. Ikimkaukia mkononi, amechelewa, na kosa halifutiki ila kwa kubandua. Piero, kwa kutopenda haraka, alifunika plasta yake kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili apate saa chache zaidi.

Ukutani huko yuko Malkia wa Sheba, ambaye Waethiopia humhesabu kuwa mama wa ukoo wa wafalme wao, akipiga magoti mbele ya ubao wa daraja kwa kuwa moyo wake umetambua kwamba mti ule siku moja utakuwa msalaba. Ziko pia picha mbili za vita. Katika moja majeshi yamefungamana kifua kwa kifua, damu na vumbi. Katika nyingine Kaizari Konstantino anasonga mbele akiinua msalaba mdogo mweupe, na adui yake Maxentius anakimbia kuvuka mto bila upanga kumgusa. Mto wenyewe ni mtulivu kabisa, na mbingu zimo ndani yake.

Lakini picha inayotuhusu ni ile ya usiku kabla ya vita hivyo vya mwaka 312. Konstantino amelala ndani ya hema lililo wazi. Malaika anashuka kutoka juu na mwanga wake unapiga kilele cha hema. Mtumishi ameketi chini kando ya kitanda, ameegemeza kichwa kwa uchovu. Na mbele, huku na huku, wamesimama walinzi wawili wenye silaha, macho wazi. Hawamwoni malaika, jambo lile si lao. Wao wapo tu, wima kama nguzo mbili za hema, na kwa kuwa wapo, mkuu wao anaweza kulala na kuota. Ni miongoni mwa picha za kwanza za usiku wa kweli katika sanaa ya Ulaya, na kwa maoni yangu ni heshima kubwa kabisa ambayo mchoraji wa zama hizo aliwahi kumpa askari wa zamu.

Basi mtu yule yule aliyejua kuchora lindo lililo macho ndiye aliyerudi kwao, katika miaka ya 1460 au kabla yake kidogo, akachora lindo lililolala.

Tuisimamie sasa picha yenyewe. Imewekwa ndani ya fremu ya nguzo za marumaru zilizochorwa, kana kwamba ukuta umefunguliwa dirisha. Katikati liko kaburi la jiwe lenye umbo la sanduku, na ukingo wake unaikata picha kwa mstari mlalo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Chini ya mstari huo ni walinzi wanne, wamerundikana kama mizigo. Juu yake, peke yake, amesimama Kristo. Ukitia mistari kutoka kwa walinzi wa pembeni kwenda kichwani pake, unapata pembetatu kamili: msingi wake ni usingizi na kilele chake ni mtu aliye macho. Mguu wake wa kushoto ameukanyaga ukingoni, tayari kutoka. Mkono wa kulia umeshika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, ishara ya ushindi. Jeraha la ubavuni lingali linatoa damu. Anatazama mbele moja kwa moja, wala haangalii walinzi wala mbingu. Anakutazama wewe.

Nyuma yake ni milima ya kwao Piero na mwanga wa alfajiri, na miti. Upande wa kushoto kwa mtazamaji miti haina majani, imekufa kwa kipupwe. Upande wa kulia imevaa majani mabichi. Jicho linaloisoma picha kama lisomavyo mstari wa kitabu hupita kutoka mauti hadi uhai, na katikati ya safari hiyo hukutana na mwili wa Kristo kama mlango.

Ishara, hata hivyo, husomwa kwa macho ya mahali. Katika karne hiyo hiyo alikuwapo mchoraji wa Venice, Niccolò Brancaleon, aliyekwenda Ethiopia akakaa huko miaka mingi akichora makanisani. Husimuliwa kwamba alimchora Bikira Maria akimpakata Mtoto kwa mkono wa kushoto, kama ilivyokuwa kawaida kwao, na watu wakachukizwa sana, kwa maana kwao kushoto ni upande wa dharau. Sisi tuliolelewa kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukiushika kwa adabu, hatuwezi kuwacheka.

Turudi kwa walinzi. Wa kwanza kushoto ameficha uso kwa viganja vyake. Wa pili ndiye anayesadikiwa kuwa Piero, kichwa kimelalia ukingo wa kaburi, koo wazi. Wa tatu ameshika mkuki. Wa nne amejiegemeza upande wa kulia. Anayejua Maandiko atauliza: je, kweli walilala? Injili ya Mathayo haisemi hivyo. Inasema walitetemeka kwa hofu wakawa kama wafu, kisha baadhi yao wakaenda mjini kutoa taarifa, na makuhani wakawapa fedha nyingi waseme kwamba wanafunzi waliuiba mwili wao walipokuwa wamelala. Yaani usingizi ulikuwa maneno ya hongo. Na tukumbuke ulikuwa uongo wa hatari, kwa sababu katika jeshi la Roma ya zamani mlinzi aliyekutwa amelala zamuni alipigwa na wenzake wenyewe kwa marungu na mawe, na mara nyingi hakupona. Wachoraji waliotangulia walikuwa wamekwisha kuwazoeza watu kuwaona walinzi wamelala. Piero alilichukua jambo hilo la kawaida akalifanya zito: aliwachora si kama watu wabaya wala wa kuchekesha, bali kama watu waliochoka. Kisha akaingia mwenyewe katika orodha ya zamu.

Wapo wasemao kwamba hiyo ni saini tu. Mimi siamini. Tazama mti wa bendera: unashuka kutoka mkono wa Kristo mpaka unagusana na kichwa cha yule mlinzi wa pili. Kati ya wanne, ni yeye tu aliyeguswa. Hajaamka, lakini ameguswa, na mchoraji mwenye kupima kila kitu kwa rula hakuuweka mti huo pale kwa bahati.

Kuna maajabu mengine mawili. Ukiwatazama walinzi utaona wamechorwa kana kwamba wewe uko chini yao ukiinua macho. Lakini Kristo amechorwa uso kwa uso, jicho lako likiwa sawa na lake. Yaani mtu aliyeandika kitabu cha sheria ya umbali ametumia mahali pawili pa kusimama katika picha moja. Walinzi wamo chini ya sheria ya macho, Kristo hayumo. Na la pili: huyo mlinzi wa tatu, mwenye mkuki, hana miguu. Mtafute uwezavyo, jinsi alivyokaa, miguu yake haina mahali pa kuwa. Yamkini Piero aliiona ingevuruga uwiano wa picha, akaiacha. Askari wa miguu asiye na miguu, na karne kadhaa zimepita watu wakimtazama bila kugundua.

Picha hii haikuwekwa kanisani. Iliwekwa katika jumba la serikali ya mji, ambamo wakuu waliochaguliwa walikutana kuamua kodi, kesi na ulinzi wa kuta. Piero mwenyewe alipata kuwa mjumbe wa baraza. Kaburi lile lilikuwa jina la mji na alama yake, na Kristo aliyesimama juu yake alikuwa kama mkuu wa zamu aliyekuja kukagua saa ambayo hakutarajiwa.

Miaka ya mwisho ya Piero ilipita kwao. Vasari anasimulia kwamba alipofuka, na yako masimulizi ya mtu wa mji aliyekumbuka kwamba utotoni alikuwa akimshika mkono kumtembeza njiani. Mwaka 1487 aliandika wasia wake. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1492, siku ile ile mabaharia wa Columbus walipoiona nchi ng'ambo ya Atlantiki, akazikwa katika kanisa la abasia ya mji, ambalo sasa ndilo kanisa kuu. Baada ya hapo sifa zake zilififia kwa muda mrefu, hata karne ya kumi na tisa ilipoanza kumgundua upya. Mwaka 1925 mwandishi Mwingereza Aldous Huxley, aliyekuwa amefika Sansepolcro, alitoa makala akiitangaza picha ya Ufufuko kuwa bora kuliko zote duniani.

Makala hiyo ilisomwa na kijana mmoja wa Kiingereza aitwaye Tony Clarke. Miaka ikapita, vita vikuu vya pili vikaja, na katika kiangazi cha mwaka 1944 Clarke alikuwa ofisa wa mizinga katika majeshi yaliyokuwa yakiwasukuma Wajerumani kuelekea kaskazini ya Italia. Alipewa amri ya kuupiga mji uliokuwa mbele yake bondeni, kwa kuwa ilidhaniwa adui yumo ndani. Mizinga ikaanza kulia. Kati ya mlio na mlio, jina la mji likaanza kumsumbua: Sansepolcro, amelisikia wapi? Ndipo akaikumbuka makala. Picha yenyewe hakuwa amepata kuiona.

Yasimuliwa kwamba alisimamisha mizinga, akachukua darubini na kuuchunguza mji mtaa kwa mtaa. Mkuu wake alipomhimiza kwa redio aendelee, alijibu kwamba haoni shabaha yoyote ya Kijerumani. Wako watakaouliza kama hapo alivunja amri. Kwa akili yangu, ofisa anayeongoza mizinga yupo pale kilimani ili aone, na Clarke alitoa taarifa ya alichokiona. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Majeshi yalipoingia mjini, Clarke alikwenda kuitafuta picha, akaikuta nzima ukutani: Kristo wima, na walinzi wanne wangali usingizini.

Baada ya vita alihamia Afrika ya Kusini, na mwaka 1956 akafungua duka la vitabu katika barabara ya Long Street mjini Cape Town. Picha ilifanyiwa matengenezo makubwa kati ya mwaka 2015 na 2018, na rangi zake zikarudi kung'aa, hata milima ya nyuma ikaonekana vizuri kuliko zamani. Clarke alifariki mwaka 1981. Sansepolcro wamelipa jina lake barabara moja ya mji.